Kambi ya Likizo kwa Watoto Wote wa Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana mwenyekiti, mashekhe na maustadhi wetu, walimu, wazee wa Mkomani na Langoni, manahodha mlioacha vyombo vyenu gatini mkaja kutusikiliza, ndugu zetu wa Shela, Matondoni na Kipungani, na nyinyi mliovuka kutoka Mokowe na Pate. Kina mama, kina baba, na vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, na ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie kambi za likizo za watoto, zile ambazo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu huwa pamoja tangu asubuhi mpaka jioni, wakala pamoja, wakacheza pamoja, wakachoka pamoja. Ulaya na Marekani huziita kambi za kiangazi, kwa sababu shule za huko hufungwa miezi ya joto. Kwetu Agosti ni kusi, bahari imechafuka na manahodha wenyewe wanapima kabla ya kutoka. Likizo yetu ndefu ni ya mwisho wa mwaka. Basi nikisema kambi, muweke akilini Novemba na Disemba: kusi imekwisha, watoto wako nyumbani, na kila mama anajiuliza atawaweka wapi.

Shule ikifungwa, mtoto mwenye ulemavu naye hufungiwa. Nasema hivi mbele ya wazazi wenzangu bila kumlaumu yeyote, maana najua inavyotokea. Mchezo wetu wa likizo haupangwi na mtu. Maji yakijaa, wavulana wako kwenye ukuta wa pwani wanachupa. Wasichana wana rede yao na kamba yao uwanjani. Jioni ni kibe vichochoroni hadi adhana ya Magharibi. Mtoto hutoka mlangoni akaukuta mchezo unaendelea, akaingia. Hapo ndipo asiyeweza kutoka mlangoni peke yake anapoachwa, hata kama hakuna aliyemkataza. Nyumba zetu za mawe zina vidato mlangoni na ngazi za mwinuko ndani. Ukishuka ukafika uchochoroni, mtaro uko wazi upande mmoja, na mbele punda anakuja na shehena ya matofali. Mji huu UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, nasi tunajivunia kwa haki. Lakini mtoto wa kiti cha magurudumu anaujua mji wake kwa kuutazama dirishani.

Tena wako wale ambao wengi wenu hamjawahi hata kuwaona. Mtoto asiyesikia au asiyeona, aghalabu hupelekwa shule ya bweni, mbali na hapa. Huko ana marafiki, ana walimu wanaomwelewa, ana mzaha wake na ugomvi wake wa kitoto. Likizo ikifika anarudi nyumbani, nasi tunafurahi kwamba amerudi kwao. Sasa mfikirieni mtoto kiziwi. Shuleni alikuwa akizungumza tangu anapoamka hadi anapolala, kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Amerudi nyumbani ambako watu ni wema, wanampenda, wanampa samaki mnono, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kumuuliza jambo linalozidi "njoo ule" na "nenda ukalale". Mtaani hana rafiki, kwa sababu wenzake wa rika lake hawakukua naye. Kwa mtoto huyo siku za shule ndizo siku za watu, na likizo ndiyo upweke. Nimekutana na wazazi wanaosema, "Mwanangu siku hizi ana hasira akiwa nyumbani." Mimi siwaambii kwamba ana hasira. Nawaambia mwenzenu amenyamaza wiki tatu.

Kwa hiyo naomba tusiingie katika jambo hili tukiliona kama sadaka kwa watoto wachache. UNICEF ilipochapisha hesabu zake mwaka 2021 ilisema watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 tu ya Wakenya wa miaka mitano na kuendelea. Vipimo viwili hivi havikuuliza maswali kwa namna moja, wala havikuhesabu watu wa umri mmoja, kwa hiyo si haki kuviweka kwenye mizani moja. Lakini mnajua kama ninavyojua mimi kwamba mtoto aliyefichwa chumba cha ndani haandikwi na karani yeyote.

Sheria iko upande wetu, na nitaipitia upesi kwa sababu sheria peke yake haijawahi kumtoa mtoto ndani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, unataja kucheza na kupumzika kuwa haki, katika kifungu cha 31. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 30 kwamba mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo na burudani sawasawa na watoto wengine. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inataja heshima, kufika kila mahali pa umma, na kutumia lugha ya ishara na nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole. Anayetaka kusoma vifungu hivyo aje tusome naye. Mimi nataka tuzungumzie kambi yenyewe itakavyokuwa.

Kambi hizi zina historia. Mwaka 1962, Marekani, Eunice Kennedy Shriver alifungua nyumba na uwanja wake huko Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Alikuwa na dada, Rosemary, mwenye ulemavu huo, na alikwishachoka kuambiwa kwamba watoto kama hao hawana pa kwenda wakati wa kiangazi. Aliwaletea vijana wa sekondari na vyuo, kila kijana na mtoto wake, wakaogelea, wakapanda farasi, wakacheza mpira. Wakati huo wataalamu wengi waliamini watoto hao hawawezi michezo. Miaka sita baadaye, Julai 1968, mashindano ya kwanza ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, yakafanyika uwanjani Chicago, na leo yanajulikana dunia nzima. Jambo hilo lote lilianza uani kwa mtu, mtoto mmoja na kijana mmoja.

Kambi ya pili nitakayoitaja haikuchanganya watoto. Ilikuwa Camp Jened, kwenye milima ya Catskills, jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya watu wenye ulemavu peke yao. Nitaieleza hata hivyo, kwa sababu ina funzo ambalo wanaopenda kuchanganya watoto hulisahau. Msichana mmoja, Judith Heumann, aliyepooza kwa polio, alikuwa akienda huko kila kiangazi. Alipokuwa mdogo shule ilimkataa, mwalimu mkuu akisema kiti chake ni hatari moto ukitokea. Kambini, kwa mara ya kwanza, alikuwa na wenzake wanaojua maisha yake bila kuelezwa. Mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa viongozi wa watu wenye ulemavu waliokaa ndani ya jengo la serikali San Francisco kwa karibu wiki nne, wakigoma kutoka mpaka kanuni za kuwalinda dhidi ya ubaguzi zitiwe saini. Zikatiwa saini. Baadhi ya waliokuwa naye walikuwa wenzake wa kambini.

Funzo ninalolichukua kwa Jened ni hili: tusimlete kamwe mtoto kiziwi mmoja kati ya watoto arobaini wanaosikia, tukapiga picha, tukasema tumejumuisha. Mtoto huyo atakuwa mpweke zaidi kuliko alivyokuwa nyumbani, na safari hii mbele ya watu. Waje watatu, wanne, na aje mtu mzima kiziwi awe miongoni mwa viongozi wa kambi, si mkalimani tu. Na ratiba iwaachie saa yao, wakae wenyewe, wacheke mambo yao. Mchanganyiko mzuri humpa mtoto wenzake wa aina zote, na wale wanaofanana naye ni sehemu ya hao.

Sasa nafika kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Kuwaweka watoto mahali pamoja hakutoshi. Katika kiangazi cha mwaka 1954, huko Oklahoma, mtaalamu wa saikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka kambini wavulana 22 wa miaka kama 11 au 12. Hakuna aliyekuwa na ulemavu. Walikuwa watoto wa kawaida, wa hali moja. Waliwagawa makundi mawili, wakawashindanisha kwa zawadi. Siku chache tu watoto walikuwa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Wakubwa wakajaribu dawa ambayo sisi sote huifikiria kwanza: wale pamoja, waangalie sinema pamoja. Wakarushiana chakula. Kilichowapatanisha kilikuwa kazi. Maji ya kambi yalikatika ikabidi wote watafute kasoro kwenye bomba na tangi. Kisha lori la chakula likakataa kuwaka, wakalifunga kamba, wakalivuta wote, makundi mawili kwa kamba moja. Jaribio lile lina kasoro za maadili, maana watoto hawakujua kwamba wanachunguzwa na misukosuko mingine ilipangwa na wakubwa, wala mimi nisingekubali mwanangu afanyiwe hivyo. Lakini ukweli uliojitokeza mimi nimeuona kwa macho yangu hapa hapa pwani.

Tumezoea kufanya nini sisi? Tunafanya siku ya watoto wenye ulemavu. Tunawapanga mbele, wanapewa biskuti na soda na sare, watoto wengine wanaimba, wakubwa wanahutubia kama ninavyohutubia mimi sasa, kisha kila mtu anakwenda kwao. Watoto wasio na ulemavu wanatoka wamejifunza kuona huruma, na watoto wenye ulemavu wanatoka wamejifunza kusema ahsante. Nani amepata rafiki? Siku hizo zina nia njema na sitaki kuwavunja moyo wanaozigharimia. Nawaomba tu fedha hizo hizo waziweke mahali ambapo mtoto mwenye ulemavu atapewa kazi ambayo isipofanywa, wenzake watakwama.

Na Lamu tuna kazi hiyo tayari. Tuna bahari.

Niwaeleze nilichokiona. Mashua ndogo ilikuwa katika mkondo, baina ya mji huu na Manda, na ndani yake watoto wa rika moja, mmoja wao kiziwi. Upepo ulikuwa mkali na tanga linapiga. Nahodha yuko usukani, nyuma, anatoa amri, na upepo unaichukua sauti yake kabla haijafika mbele. Wavulana wanaosikia wamempa mgongo, wanapiga kelele, "Umesemaje?" Yule kiziwi alikuwa amekaa na kamba ya demani mkononi, ile ya kuvuta na kulegeza tanga, macho yake kwa nahodha. Nahodha alipofunga ngumi alivuta. Nahodha aliposhusha kiganja alilegeza. Hakuna aliyemfundisha, maisha yake yote amekuwa akisoma mikono na nyuso za watu. Mashua ikageuka vizuri, na wale wengine walipotambua ni nani aliyelegeza kwa wakati wake, walianza kumtazama yeye ili wajue la kufanya. Kabla hawajarudi gatini mmoja alikwisha kumuuliza, kwa vidole, namna ya kusema "upepo". Somo la lugha ya ishara la wiki nzima darasani lisingefika hapo. Mabaharia wetu wamekuwa wakizungumza kwa mikono tangu zamani, kwa sababu bahari haikubali maneno. Chomboni, mtoto huyo hakuwa mgeni.

Ndiyo maana nasema kambi yetu ipangwe kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Manahodha mnalijua hili kuliko mimi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, asubuhi katikati maji yamekupwa, na alasiri yamejaa. Asubuhi hiyo mchanga wa Shela uliolowa ni mgumu, gurudumu halizami. Mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kwenda masafa marefu ufukoni kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo kwenye mchanga mkavu haliwezekani bila magurudumu mapana. Pale penye mchanga laini, baina ya njia na mchanga mgumu, tunatandika mbao au maturubai mazito yaliyokunjwa. Na alasiri, maji yakijaa, mashua inainuka mpaka inakaribiana na gati, kiti kinaingizwa kwa watu wawili wenye nguvu na ubao mmoja. Jaribuni safari ile ile maji yakipwa: kuna vidato vyenye ukoga na utelezi, na mtoto wa miaka kumi na minne atabebwa mgongoni mbele ya wenzake. Gati ni lile lile na mtoto ni yule yule. Aliyepanga saa ndiye aliyemfungulia au aliyemfungia. Alasiri ina faida nyingine, jua limepoa, na hilo ni la maana sana kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye lazima pia awe na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia mafuta hayo, na mzazi asiyejua ajiandikishe.

Kazi nyingine ziko tele. Kuvuta kidau pwani kwa kamba ni kazi ya mikono, na mtoto asiyeona anavuta kama wengine; yeye ndiye atoe sauti ya kuhesabia. Bao huchezwa kwa vidole, na kete huhesabika kwa kugusa. Kupika pia: mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyekwisha kufundishwa kukuna nazi kwa mbuzi, hatua kwa hatua, ataikuna ya kambi nzima, na wali usipokuwa na tui kila mtu atajua nani hakuwepo.

Usiku, kama tutafikia kulala, kuna hadithi na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Hapo mpangaji aangalie taa. Tumezoea kusimulia gizani, lakini mtoto kiziwi gizani amekatwa na mazungumzo kabisa. Taa iwekwe imulike mikono na uso wa anayesimulia, na anayesimulia asijifunike mdomo. Ikiisha hadithi, taa zizimwe na watoto wacheze kibe kwa kusikiliza, na hapo asiyeona atakuwa bingwa wao. Mtoto mwenye usonji naye anaweza kushindwa na kelele; atengewe chumba cha utulivu ambacho anaruhusiwa kwenda bila kuomba, na asubuhi aoneshwe kwa picha kitakachofuata siku hiyo. Mtajionea kwamba watoto wote watazikimbilia picha hizo.

Kuna kundi jingine ambalo halitajwi kabisa: ndugu zao. Dada wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi ni mama wa pili tangu ana miaka saba. Yeye ndiye anayemlisha, anayemgeuza, anayebaki nyumbani wengine wakienda harusini. Kambini aje kama mtoto. Asipangwe kumhudumia nduguye, hata kama yeye ndiye anayejua zaidi. Awaeleze viongozi siku ya kwanza, kisha aachiwe akachupe.

Najua hofu zilizopo humu ndani, na si za kudharauliwa. Mzazi mmoja anaogopa mwanawe ataambukizwa kifafa. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kugusana, si kwa kula sahani moja. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mhesabie dakika; zikizidi tano, tafuta hospitali. Ndani ya maji, mtoto mwenye kifafa awe na mtu mzima wake peke yake, anayeogelea, aliye karibu kiasi cha kumshika. Jaketi la kuokolea ni la kila mtoto anayepanda chombo, awe na ulemavu au asiwe nao, na hata kama baba yake na babu yake ni mabaharia.

Mzazi mwingine anaogopa mwanawe atachekwa. Huenda akachekwa. Watoto hucheka, kisha huuliza, na wakijibiwa vizuri huzoea. Mtoto akiuliza kwa nini mwenzake anatoka mate, ajibiwe: misuli ya mdomo wake haimtii vizuri, mpe kitambaa. Basi. Watu wazima ndio wanaomvuta mkono mtoto wakamwambia "usiangalie", na kutoka hapo ndipo anapojifunza kwamba kuna kitu cha kuaibisha.

Hofu ya tatu ni nzito, na kina mama wengi huniambia pembeni. Wanaogopa mtoto wao, hasa wa kike, hasa asiyeweza kusema, atadhuriwa na mtu. Wana haki. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 uliona kwamba watoto wenye ulemavu wamo katika hatari ya kutendewa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Kwa hiyo hapa sitakubali mazoea ya kusema "huyu ni mtu wetu, tunamjua". Hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto pasipo kuonekana na mwingine. Wasichana wahudumiwe chooni na wanawake, wavulana na wanaume, na mzazi aelezwe majina yao kabla. Kila mtoto, awe anasema au hasemi, afundishwe siku ya kwanza namna ya kuonesha "sitaki", kwa neno, kwa ishara au kwa picha, na viongozi wote waijue. Na mzazi aruhusiwe kuja saa yoyote bila taarifa. Kambi inayomzuia mzazi mlangoni mimi mwenyewe nitamwambia asimpeleke mtoto.

Kuna wanaoniuliza kama dini inalisemaje jambo hili. Mashekhe wako hapa, watasema kwa elimu kuliko mimi. Nitakumbusha tu kile tunachofundishwa sote madrasa: Abdullah ibn Umm Maktum, radhi za Allah zimshukie, alikuwa haoni, naye alikuwa muadhini wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na Mtume alipotoka safari alimwachia Madina zaidi ya mara moja. Alipewa mji. Nasi tunajiuliza kama mtoto asiyeona anaweza kupewa kamba ya mashua.

Gharama? Zipo, lakini si za kututisha. Tuanze na kambi ya kutwa, watoto warudi kulala kwao. Ya kulala ije wazazi wakishatuamini. Madarasa yako matupu wakati wa likizo. Tuchague yaliyo chini na yenye choo ambacho kiti kinaweza kuingia, na pasipo na choo cha kukaa fundi seremala atutengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Vijana waliomaliza kidato cha nne wako nyumbani baada ya mitihani. Wafundishwe wiki moja kabla, na walimu wa elimu maalumu na watu wazima wenye ulemavu. Chakula ni kile tunachokula, isipokuwa mtoto anayemeza kwa shida apate wali laini au uji mzito, akae wima, na anayemlisha asiwe na haraka. Asubuhi za madrasa ziheshimiwe. Maustadhi watuambie ni siku zipi wanaweza kutuachia.

Nina maombi matatu kabla sijakaa. Manahodha: naomba alasiri za bamvua moja ya Disemba, mashua mbili, na mtu mmoja wenu aje kukagua gati pamoja na mtoto wa kiti cha magurudumu mwenyewe, ili yeye aseme wapi panamfaa. Maustadhi na walimu: kila mmoja aandike watoto wa mtaa wake ambao wangekuwa darasani kwake na hawapo, tutayapeleka majina kwenye kituo cha kupima watoto na kuwapatia nyenzo za elimu, kazi ambayo vituo hivyo vimekuwa vikiifanya nchini tangu mwaka 1984. Na nyinyi wazazi ambao watoto wenu hawana ulemavu: waandikisheni wa kwenu kwanza, tena mapema. Kambi ikijaa watoto wenye ulemavu peke yao kwa sababu nyinyi mlisubiri kuona itakavyokuwa, tutakuwa tumejenga chumba kingine cha ndani, kikubwa zaidi.

Daftari la majina liko kwa Bi katibu, meza ya mlangoni. Tutakutana tena Ijumaa ijayo baada ya swala ya Alasiri, na nataka siku hiyo tuwe na watoto humu ndani, watuambie wao wanataka kucheza nini.

Ahsanteni. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.